Jibu kwa msomaji: kubadilisha viungio vya mabehewa marefu ya abiria

Msomaji ameniandikia kwamba ana mabehewa sita ya abiria ya reli ya mfano, ya skeli ya HO, yaani 1:87, ya mtindo wa Kimarekani wa futi 85, aliyoyanunua yakiwa yameshatumika. Viungio vyake ni vile vya zamani vya plastiki vyenye pembe, navyo vimefungwa kwenye vigari vya magurudumu badala ya kufungwa kwenye sakafu ya behewa. Kona za njia yake zina nusu kipenyo cha milimita 610. Treni ikivutwa huenda vizuri, lakini ikirudi kinyumenyume kuingia stesheni, moja kati ya mabehewa yaliyo karibu na injini huacha reli. Na hata treni ikiwa imesimama sawasawa, pengo kati ya behewa na behewa ni pana kiasi cha kuharibu sura ya treni nzima. Anauliza kama aweke viungio vya chuma vyenye taya, achague vya aina gani, na kama avifunge palepale kwenye vigari au avihamishie kwenye sakafu.

Ndiyo, avibadilishe, na kama kona zinaruhusu, avihamishie kwenye sakafu. Hata hivyo, kwa mabehewa marefu ya abiria, mahali kiungio kinapofungwa na nafasi kinayopewa ya kuyumba kulia na kushoto huamua utulivu wa treni kuliko chapa au namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Wengi hununua viungio vya treni nzima kwa mkupuo, wakavifunga vyote, kisha kwenye kona ya kwanza wakakuta tatizo limehama tu kutoka kwenye kigari hadi kwenye shina la kiungio. Kwa sababu hiyo nitaanza na kinacholifanya behewa liache reli, nifuate na kona, ndipo tufike kwenye viungio vyenyewe.

Kiungio chenye pembe, ambacho hujulikana pia kwa jina la X2F, hushikana na mwenzake kwa kupishana. Kila kimoja kina springi inayokisukuma upande, na vichwa viwili vinapokwisha kupishana springi hizo huvirudisha vikanasana. Nguvu hiyo ya kusukuma upande haiishi mabehewa yakishashikana. Inabaki humo muda wote. Treni ikivutwa, mvuto wa mbele hukinyoosha kila kitu na hutaiona athari yake. Treni ikisukumwa mambo hugeuka: injini inasukuma shina la kiungio, shina limeshikamana na kigari, na kwa kuwa nguvu haipiti katikati kabisa, kigari hujipinda na kukaa mshazari juu ya reli, ukingo wa gurudumu ukakwea ubavu wa reli, na behewa likatoka. Mabehewa yaliyo karibu na injini ndiyo yanayoumia zaidi kwa sababu yanabeba msukumo wa mabehewa yote yaliyo mbele yao.

Kiungio kikifungwa kwenye sakafu, msukumo huo hupita kutoka kwenye bodi ya behewa moja hadi kwenye bodi ya jingine, na kigari kinabaki na kazi yake moja tu ya kufuata reli. Hapo ndipo faida yote ilipo. Lakini kigari nacho kilikuwa kikikisaidia kiungio: kwa kuwa kiungio kiligeuka pamoja nacho, daima kilikuwa karibu na katikati ya reli hata kwenye kona kali. Ukikihamishia sakafuni, kiungio sasa kinafuata ncha ya behewa popote inapokwenda, na ncha ya behewa refu huenda mbali.

Tuchukue hesabu ya mabehewa yenyewe. Futi 85 katika skeli ya HO ni takriban milimita 297. Umbali kati ya vitovu vya vigari viwili katika mabehewa mengi ya namna hii ni futi 59 na inchi 6, ambazo zinakuwa takriban milimita 208, kwa hiyo kila ncha inaning’inia nje ya kitovu cha kigari chake kwa kama milimita 44. Behewa hili likiingia lote kwenye kona ya milimita 610, kila ncha hutokeza nje ya mstari wa kati wa reli kwa takriban milimita 9. Kwenye kona ya milimita 457 zinakuwa milimita 12, na kwenye kona ya milimita 914 hupungua hadi milimita 6.

Mabehewa mawili ya urefu mmoja yakiwa yote ndani ya kona, ncha zao hutokeza kwa kiasi kilekile na viungio huonana, ingawa kwa pembe. Shida huja pale behewa la kwanza limeshaingia kwenye kona na la pili lingali kwenye reli iliyonyooka. Ncha moja imetoka nje kwa milimita 7 au 8, na nyingine haijatoka. Tofauti hiyo yote inabebwa na mashina mawili mafupi ya viungio, na kama kijumba cha kiungio, yaani kisanduku kidogo kinachoshika mwisho wa shina, hakiruhusu shina kuyumba kiasi hicho, behewa moja huanza kulivuta lenzake upande. Mbaya zaidi ni kona ya S, ambapo kona ya kulia inafuatwa papo hapo na kona ya kushoto: ncha moja hutoka kulia na nyingine kushoto, na tofauti hufika takriban milimita 15. Hakuna kiungio cha kawaida cha HO kinachovumilia hilo kwa utulivu. Dawa yake iko kwenye njia, si kwenye behewa: kati ya kona hizo mbili kiwekwe kipande cha reli iliyonyooka chenye urefu wa angalau behewa moja. Ningemwomba msomaji aichunguze sana njia ya kuingilia stesheni, kwa kuwa swichi mbili zinazofuatana ili kuhamia njia ya pembeni huzaa kona ya S hata pale mjenzi hakukusudia.

Wajenzi wengi wa reli za mfano hupima kona kwa kuilinganisha na urefu wa behewa lao refu kuliko yote. Nusu kipenyo kikiwa mara mbili ya urefu huo, baadhi tu ya mabehewa yatapita. Kikiwa mara mbili na nusu, mengi yatapita bila matatizo mradi yafanane urefu. Kikiwa mara tatu, karibu yote yatapita. Na ukitaka viungio vishikane vyenyewe ndani ya kona bila kuguswa kwa mkono, unahitaji karibu mara tano. Kwa behewa la milimita 297, mara mbili na nusu ni takriban milimita 743, na mara tatu ni milimita 891. Kona ya msomaji wetu ni mara mbili na ushei tu. Yuko kwenye ukingo kabisa, na hiyo ndiyo sababu sitampa jibu jepesi la kuvifunga viungio sakafuni akaendelea na shughuli zake.

Ana njia tatu. Ya kwanza ni kuzipanua kona hadi milimita 760 au zaidi, na kama meza ya njia yake ina nafasi hiyo, hii ndiyo ningeipendekeza kabla ya nyingine, kwa maana kona pana hutibu mambo mengi kwa pamoja. Ya pili ni kufunga viungio sakafuni vikiwa na shina refu, ndani ya kijumba chenye mdomo mpana, au kwenye kijumba ambacho chenyewe kinazunguka kwenye pini na kurudishwa katikati na springi. Watengenezaji kadhaa wa mabehewa ya abiria huyauza yakiwa tayari na vijumba vinavyozunguka namna hiyo kwa sababu hii hasa. Ya tatu ni kuviacha viungio kwenye vigari lakini kuweka vya chuma vyenye taya. Wapo wanaoidharau njia hii ya tatu, mimi siidharau. Kiungio chenye taya hakina ile nguvu ya kusukuma upande iliyo kwenye kiungio chenye pembe, kwa hiyo hata kikibaki kwenye kigari, treni fupi ya mabehewa sita itarudi nyuma kwa utulivu mkubwa kuliko sasa, mradi isukumwe polepole.

Kuhusu aina ya kiungio, kwa mtindo wa Kimarekani viungio vya chuma vya Kadee, kampuni ya Kimarekani, ndivyo ambavyo wengi huvichukua kuwa kipimo cha vingine. Namba 5 ni ya miaka mingi, nayo hutumia springi bapa ya shaba inayokaa chini yake ndani ya kijumba. Namba 148 inafanya kazi ileile, ila waya mbili nyembamba kama sharubu zimeshikamana na shina lenyewe na kukirudisha kiungio katikati, hivyo hakuna springi ya kutenganisha wala ya kupotea mezani. Kwa mabehewa ya msomaji ningeanza na namba 146, ambayo ina sharubu hizohizo lakini shina lake ni refu zaidi. Iko pia namba 158, ambayo kichwa chake ni kidogo na kinakaribia ukubwa halisi. Inapendeza macho, lakini kichwa kidogo kina uso mdogo wa kushikana, na njia ikiwa na kipandio kidogo au kiungo cha reli kilichoinuka, vichwa viwili hupishana juu na chini na treni ikakatika. Kwa njia ambayo bado inarekebishwa, kichwa cha kawaida ni salama zaidi.

Viungio vya plastiki vyenye taya navyo vipo, na mabehewa mengi mapya huja navyo. Kasoro yao ni kwamba springi inayofunga taya imefinyangwa kwa plastiki ileile, na plastiki inayokaa imebanwa kwa muda mrefu hupoteza nguvu zake, taya ikaanza kufunguka treni ikiwa nzito. Treni ya mabehewa mafupi na mepesi huenda isilione tatizo hilo. Mabehewa ya abiria yenye uzito kamili yataliona, kwanza lile lililo nyuma tu ya injini.

Ikiwa kuna msomaji mwingine mwenye mabehewa ya Ulaya, mambo yake ni tofauti kidogo. Mengi yana mfuko wa kiungio wa NEM 362, yaani wa kipimo sanifu cha reli za mfano za Ulaya, ambao kiungio huchomekwa na kuchomolewa bila skrubu, na Kadee wana namba 17, 18, 19 na 20 kwa ajili ya mfuko huo, kuanzia fupi hadi refu. Lakini mfuko huo mara nyingi umefungwa kwenye mtambo unaosogeza kiungio nje kwenye kona na kukirudisha ndani kwenye reli iliyonyooka, na mtambo huo umesanifiwa kwa viungio viwili vinavyoshikana vikawa kama fimbo moja ngumu. Vichwa vyenye taya huchezacheza vikishikana, kwa hiyo mtambo haufanyi kazi yake kikamilifu. Kwa mabehewa hayo, ndani ya treni ni afadhali kubaki na viungio vya karibu vilivyotengenezwa kwa ajili yake, na kuweka vyenye taya kwenye ncha mbili za mwisho tu.

Tukija kwenye kazi yenyewe, jambo la kwanza ni kimo. Katika HO, katikati ya kichwa cha kiungio hutakiwa kuwa inchi 25/64 juu ya uso wa reli, sawa na milimita 9.9, na vipo vipimo vya chuma vinavyowekwa juu ya reli ili kulinganisha, kama namba 205 ya Kadee. Kipimo hiki kisikosekane. Behewa likiwa chini mno, washa nyembamba huwekwa kati ya kigari na sakafu. Ziko za inchi 0.010 na 0.015, na zinatosha kwa marekebisho mengi. Muhimu ni kurekebisha kimo cha behewa kwanza, magurudumu yakiwa tayari ni yale yatakayotumika, ndipo kiungio kifungwe. Anayefunga kiungio kabla ya kubadilisha magurudumu atalazimika kurudia, kwa sababu magurudumu mapya yakiwa na kipenyo tofauti kidogo, kimo chote hubadilika.

Mabehewa yaliyotengenezwa kwa viungio vya kwenye vigari kwa kawaida hayana mahali pa kufunga kijumba sakafuni. Itabidi mkono wa zamani unaotoka kwenye kigari ukatwe, na kibao cha plastiki kigundishwe chini ya sakafu kwenye ncha, kwa unene utakaokiteremsha kijumba hadi kimo kinachotakiwa. Gundi iachwe ikauke kabisa kabla ya kutoboa. Kisha hutobolewa tundu katikati kabisa, likakatwa hesi kwa skrubu ndogo ya kipimo cha Kimarekani cha 2-56, na kijumba kikafungwa. Gundi peke yake isitegemewe kukishika kijumba. Mvuto wa treni nzima unapita hapo, na siku kiungio kinapohitaji kubadilishwa utashukuru kwamba kuna skrubu ya kufungua.

Kabla ya kufunga kifuniko cha kijumba, kipelekwe karibu na taa, ukipitishe kidole kwenye mdomo wake. Mara nyingi utahisi ukingo mwembamba wa plastiki uliobaki kutoka kwenye kalibu, mdogo kama unyoya, upande mmoja wa mdomo. Ukingo huo unatosha kukizuia kiungio kurudi katikati. Uondolewe kwa tupa ndogo bapa, kisha ndani ya kijumba kipakwe unga kidogo wa grafiti, wala pasitiwe mafuta, kwa sababu mafuta hukusanya vumbi na springi ikagandamana. Kiungio kikishafungwa, kisukume kwa ncha ya kibaniko hadi mwisho upande mmoja, uachie. Lazima kirudi chenyewe katikati, mara moja, bila kusitasita. Fanya hivyo kwa upande wa pili, na kwa kila kiungio. Kiungio kinachorudi nusu njia ndicho kitakachokataa kushikana baadaye, na wengi huilaumu njia wakati kosa liko ndani ya kijumba.

Kuna tahadhari ya umeme. Mabehewa yenye taa huchukua umeme kutoka kwenye magurudumu, na kama kijumba au skrubu ya chuma inagusa sehemu ya chuma iliyounganishwa na magurudumu ya upande mmoja, viungio viwili vya chuma vikishikana vinaweza kuleta shoti kati ya behewa na behewa. Kijumba cha plastiki na skrubu ya plastiki huondoa hatari hiyo.

Pengo kati ya mabehewa, ambalo msomaji amelilalamikia, halina jibu moja. Kwenye mabehewa halisi mivukuto inayofunika njia ya kupita abiria hugusana, na mfano unapendeza zaidi nayo ikigusana. Lakini kwenye kona ya milimita 610, mabehewa yakikaribiana kiasi hicho, kona za bodi za upande wa ndani zitagongana, na shina refu nililolipendekeza linaongeza pengo badala ya kulipunguza. Suluhisho la kati ni mivukuto ya mpira laini au yenye springi, inayojaza pengo kwenye reli iliyonyooka na kukubali kubanwa kwenye kona. Isiwe migumu: mivukuto migumu husukuma mabehewa kando na kurudisha tatizo lilelile la kuacha reli.

Swali ambalo msomaji hakuuliza, lakini linabadilisha kazi yake kwa kiasi kikubwa, ni kama mabehewa haya sita huwa yanatenganishwa. Ikiwa treni huingia na kutoka ikiwa nzima kila mara, hakuna haja ya viungio vyenye taya katikati. Fimbo fupi ya plastiki yenye tundu kila mwisho, inayoshikwa na skrubu chini ya kila behewa na kuachwa izunguke kwa uhuru, huliweka pengo kwenye kipimo kile anachotaka, hairuhusu behewa kukatika, wala haina kichwa cha kupanda juu ya kingine. Viungio vya chuma vinabaki viwili tu, kimoja kila mwisho wa treni. Anaweza pia kuigawa treni mara mbili, mabehewa matatu kila upande, akipenda kuibadilisha kidogo. Kwa kona zake, mimi ningechagua njia hii.

Waya uliopinda chini ya kila kiungio ni wa kufungulia taya kwa sumaku iliyowekwa kati ya reli. Kama hana sumaku njiani, aukate. Kwenye swichi waya ulioteremka kidogo hukwama na kuliangusha behewa. Kama anazo sumaku za kudumu kwenye njia kuu, ajue kwamba mabehewa ya abiria yanayoviringika kirahisi huweza kulegea kidogo juu ya sumaku na kufunguka bila kutarajiwa, na kwamba ekseli za chuma cha pua zisizovutwa na sumaku au za shaba hazina ile tabia ya kuvutwa inayolishtua behewa. Sumaku ya umeme, inayowashwa wakati wa kutenganisha tu, huondoa yote mawili.

Uzito nao uangaliwe. Pendekezo la NMRA, chama cha wajenzi wa reli za mfano cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1935, kwa HO ni aunsi moja pamoja na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Kwa behewa la milimita 297 hiyo ni takriban gramu 194. Mabehewa ya zamani ya plastiki mara nyingi huwa mepesi kuliko hapo, na behewa jepesi lililoshikwa katikati ya mazito ndilo huinuka likisukumwa. Uzito wa kuongeza uwekwe chini sakafuni, ugawanywe sawa juu ya vigari viwili.

Basi namshauri achukue mabehewa mawili tu, ayafanyie kazi kamili, na ayaunganishe na injini ileile anayotumia. Ayasukume polepole kupita kwenye kona yake kali kuliko zote na kwenye swichi za stesheni, akichungulia kwa usawa wa reli pale mabehewa yanapokutana, aone kama shina la kiungio linagonga ukuta wa kijumba kabla behewa la pili halijaingia kwenye kona. Likigonga, aupanue mdomo wa kijumba kwa tupa au aende kwenye fimbo. Lisipogonga, na magurudumu yakabaki juu ya reli yakirudi nyuma kwa mwendo wa kuingia stesheni, anunue vya mabehewa manne yaliyobaki.